Kiungulia na mazoea ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Mtwara mjini. Wateja huniita dokta, na kukataa nimeshachoka. Haipiti siku bila mtu kuegemea kaunta, kiganja kwenye chembe cha moyo, akisema, "Nipe ile ya kutafuna." Nampa. Lakini kabla hajalipa namuuliza: jana ulikula saa ngapi, na ukalala saa ngapi? Wengi hushangaa, maana walijiandaa kuulizwa wamekula nini. Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila wiki, nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Kiungulia ni nini hasa? Mbona moyo ndio unaowaka?

Moyo hauhusiki, upo jirani tu. Chakula hushuka kutoka kooni kupitia umio, bomba la msuli lenye urefu wa kama sentimita 25. Linapoingia tumboni kuna msuli wa duara unaojikaza na kujilegeza, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukimeza, unafunguka, chakula kikipita, unajifunga. Tumbo lenyewe hutengeneza karibu lita 2 za maji makali kila siku, tindikali ikiwemo, na ukuta wake umejikinga kwa ute mzito. Umio hauna kinga hiyo. Mdomo wa mfuko ukilegea wakati usio wake, au tumbo likijaa na kubanwa hadi mdomo ukashindwa, tindikali hupanda na kuunguza. Ndiyo ile chachu unayoisikia kooni, na maji machungu yanayojaa mdomoni usiku.

Kwa hiyo mambo ni mawili: mlango uliolegea na tumbo lililobanwa. Ushauri wowote utakaopewa kuhusu kiungulia, uulize unatibu lipi kati ya hayo. Usipopata jibu, achana nao.

Je, kiungulia na vidonda vya tumbo ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa kwetu kila anayewaka kifua hujiita mgonjwa wa "madonda". Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu. Waliomgundua bakteria huyo, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Akipatikana kwa kipimo, hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Kiungulia hakina bakteria wa kuua. Dalili yake kubwa ni kwamba kinazidi ukilala au ukiinama, hasa baada ya kula. Maumivu ya kidonda hukaa chini kidogo, kwenye chembe, na huweza kukuamsha usiku tumbo likiwa tupu. Kupambanua kwa hakika ni kazi ya kipimo, si ya kaunta yangu.

Nisile nini?

Swali hili ndilo watu hulitaka kuliko yote, na jibu langu huwaudhi: hakuna orodha moja ya watu wote. Kuna mzee anakula pilipili mbichi tatu na mlo wa mchana na hajui kiungulia ni kitu gani. Kuna binti kipande kimoja cha embe mbichi kinamlaza macho.

Hata hivyo kuna vitu vinavyojulikana. Mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga, na tumbo likikaa limejaa muda mrefu mlango unasukumwa muda mrefu. Sisi watu wa Kusini mafuta hatuyaoni kwa sababu yamejificha ndani ya nazi. Kisamvu cha nazi, samaki wa nazi, mihogo ya nazi, wali wa nazi, tena kwenye mlo mmoja! Korosho nazo, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Viganja viwili vya korosho za kukaanga ukiwa kitandani unaangalia simu ni mlo kamili, hata kama wewe unaviita kitafunwa.

Kahawa chungu ya barazani, chokoleti na soda za gesi huwasumbua wengi. Nyanya, ndimu, ukwaju, embe mbichi na mabibo vina uchachu wake na huunguza umio ambao tayari una michubuko. Pilipili vivyo hivyo. Supu ya pweza haina kosa kubwa. Kosa ni ile ndimu nzima na pilipili ya kukolea unayoimiminia, ukainywa saa nne usiku ukiwa njiani kurudi kulala.

Badala ya kufuta vyakula vyote ukabaki na uji mweupe, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika ulichokula, saa uliyokula, saa uliyolala, na kama kifua kiliwaka. Mama mmoja alinijia akiwa ameshaacha maharage, mbaazi, nyanya, vitunguu na chai. Amekonda. Daftari lake lilipojaa tukaona kitu kimoja: siku zote mbaya alikuwa amekula baada ya kufunga genge lake, saa nne na nusu, na kulala saa tano. Mbaazi zake akazirudia, akawa anakula saa moja pale pale gengeni.

Nile saa ngapi usiku?

Masaa matatu kabla ya kulala. Masaa matatu, si saa tatu usiku. Nimewahi kueleweka vibaya, mteja akaja kuniambia anakula saa tatu kamili kama nilivyomwagiza na analala saa tatu na nusu.

Sababu yake ni rahisi. Mlo wa ugali na kitoweo huchukua kama masaa manne kutoka wote tumboni, na wenye mafuta mengi huchelewa zaidi. Ukiwa umesimama au umekaa, uzito wa chakula unakaa chini, mbali na mlango. Ukilala, maji yale yanalala nawe, sawa na chupa iliyojaa ukiilaza kizibo kikiwa hakijakazwa.

Usiku wenyewe si hoja. Wavuvi wanaorudi alfajiri, wakala na kulala asubuhi, kwao masaa matatu yanahesabika kutoka mlo huo wa asubuhi. Walinzi na madereva wa bodaboda wa usiku, vivyo hivyo. Kama haiwezekani, basi mlo wa kabla ya kulala uwe mdogo, na ule mkubwa uhamie wakati ambao utabaki umesimama.

Nimeongeza mito lakini bado. Kwa nini?

Kwa sababu mito hukunja shingo na kiuno, tumbo likabanwa zaidi. Kinachotakiwa ni kiwiliwili chote kiinuke, kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sentimita 15 hadi 20.

Fundi hahitajiki. Tofali la saruji la inchi 6, lile la kujengea ukuta, likilazwa kwa ubapa linakupa sentimita 15. Weka moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani. Mimi nilifanya hivyo mwaka ambao kiungulia kilikuwa kinaniamsha saa nane za usiku nikikohoa. Usiku wa kwanza niliteleza hadi miguu ikagonga ubao wa chini, na mke wangu akasema tumelala kwenye mtumbwi unaozama. Nikatandika blanketi zito chini ya shuka, utelezi ukaisha. Wiki ya pili nilikuwa nalala hadi adhana. Angalia tu mguu wa kitanda ukae katikati ya tofali, na kipande cha kanga kuukuu au mpira wa ndala ukae juu yake usiteleze.

Anayelala kwenye godoro la chini anaweza kuinua upande wa kichwani kwa mbao au gunia la mchanga lililosawazishwa chini ya godoro, mradi mwinuko uanzie kiunoni.

Nasikia nilalie ubavu wa kushoto. Na sisi tumefundishwa kulia.

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni swali la haki. Tumbo limejipinda kuelekea kushoto. Ukilalia kushoto, sehemu yake kubwa inakuwa chini ya mlango na tindikali inatulia humo kama maji kwenye mtungi. Ukilalia kulia, mlango unakuwa chini na maji yanaufikia.

Mimi si shehe. Ninachowaambia wateja wangu ni kwamba anayetaka kuanza usiku kwa ubavu wa kulia na aanze, kisha ageuke. Na kama umekula mapema na kitanda kimeinuliwa, suala la ubavu linapungua uzito sana. Anayeteseka kweli kweli amuulize shehe wake juu ya udhuru wa mgonjwa. Sijaona anayerudi na jibu gumu.

Ramadhani kiungulia changu huzidi badala ya kupungua. Kwa nini, na mimi nimefunga?

Kwa sababu hukufunga usiku. Tazama meza yetu ya futari: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, bajia, kalimati, na uji uliotiwa pilipili manga hadi unapiga chafya. Tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri linajazwa kwa dakika ishirini. Kisha daku saa tisa, wali ulioshindiliwa ili "ukae", na kurudi kulala hapo hapo.

Gawa mlo. Tende na maji, uji kikombe kimoja, halafu nenda kaswali Magharibi. Ukirudi, kula mlo wa kadiri. Tarawehe inasaidia kuliko vidonge vyangu, kwa kuwa inakuweka wima zaidi ya saa nzima baada ya kula, ingawa kurukuu na kusujudu na tumbo lililofurika ni adhabu ya kujitakia. Daku iwe kidogo na isiyo na mafuta, karibu na Alfajiri kadiri inavyoruhusiwa, ili baada yake uswali na ubaki macho. Theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi: wazee wetu wanaijua hii, tatizo ni kalimati.

Ni mjamzito. Ni kweli mtoto ana nywele nyingi?

Nilikuwa nikicheka swali hili mpaka nikakuta kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliolifuatilia. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya wanawake 64, wakitarajia kuuzima uvumi, wakakuta waliokuwa na kiungulia kikali walielekea kuzaa watoto wenye nywele nyingi zaidi. Wakahisi homoni zilezile zinahusika na yote mawili. Ni utafiti mdogo, usinunue chanuo bado.

Sababu ya msingi ni kwamba homoni za ujauzito hulegeza misuli, ule wa mlango wa tumbo ukiwemo, na miezi ya mwisho mji wa mimba unalisukuma tumbo juu. Kula kidogo kidogo mara tano au sita. Usinywe maji mengi katikati ya mlo. Yanywe kati ya mlo na mlo. Lala kwa kushoto, ambako kliniki pia hushauri. Dawa usijichagulie, muulize muuguzi wa kliniki.

Udongo uache. Najua unanukia mvua ya kwanza, lakini huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, nawe unameza vidonge vya damu kila siku.

Na baada ya kujifungua, bibi akija kukufunga mkaja, mwombe asikaze mara tu umalizapo bakuli la uji wa pilipili manga. Tumbo lililojaa likifungwa kitambaa kwa nguvu, chakula kina njia moja tu iliyobaki.

Kazi yangu ni ya kuinama kutwa. Nifanyeje?

Wabanguaji wa korosho, wapaliliaji, mafundi cherehani, wanaofua kwa mkono: wote hukunja tumbo. Kama unaweza, chapa kazi ya kuinama kabla ya mlo wa mchana na ile ya kusimama uifanye baada yake. Kuokota kitu, chuchumaa kwa magoti badala ya kukunja kiuno. Kanga iliyofungwa kibwebwe, mkanda wa suruali uliovutwa tundu la mwisho, sketi iliyoshonwa kabla hujanenepa, vyote vinabana. Legeza. Unene wa tumbo nao unabana kwa ndani saa zote, na ukipunguza hata kilo chache wengi husikia tofauti.

Maziwa, magadi, muhogo mbichi, tangawizi: vipi hivi?

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo huzidisha tindikali ili kuyasaga. Glasi ya maziwa ya kulalia si dawa.

Magadi ya kupikia usinywe. Yanazima tindikali kweli, na yanatoa gesi inayokupigisha mbweu ukadhani umepona, lakini yamejaa sodiamu. Mwenye presha, figo au ujauzito asiyaguse kabisa.

Muhogo mbichi na karanga mbichi husaidia kidogo kwa sababu ya kutafuna. Mate yana uwezo wa kupunguza makali ya tindikali na huyasukuma yaliyopanda yarudi chini. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mkoa wetu umewahi kuwa na wagonjwa wa konzo, ule ulemavu wa miguu unaotokana na muhogo usioandaliwa vizuri. Tafuna bigijii nusu saa baada ya kula, mate ni yale yale. Isiwe ya minti, ambayo wengine huwalegeza mlango.

Tangawizi kidogo haina neno. Ikizidi, nayo inaunguza.

Na pombe? Sigara?

Zote mbili hulegeza mlango, na sigara inakausha mate juu yake. Uraka wa mabibo, mnazi, bia, gongo, tumbo halichagui. Msimu wa korosho, malipo yakishaingia, mauzo yangu ya dawa za kutafuna hupanda kila Jumapili asubuhi, na sihitaji kuambiwa sababu.

Dawa ninazotumia zinaweza kuwa chanzo?

Ndiyo, na hili halizungumzwi vya kutosha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo, na zinanunuliwa kama pipi. Doksisaiklini na vidonge vya chuma vikikwama kwenye umio vinauunguza pale pale: vimeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umesimama, usilale kwa nusu saa. Baadhi ya dawa za presha, kama amlodipini na nifedipini, hulegeza mlango wa tumbo. Usiziache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, anaweza kubadilisha.

Si unipe tu omeprazoli, tumalizane?

Inafanya kazi vizuri, ila watu wanaitumia kama dawa ya kichwa: kifua kikiwaka ndipo wanameza. Omeprazoli haizimi tindikali iliyokwishatoka, inazuia mitambo inayoitengeneza. Humezwa mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya mlo wa asubuhi, na nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa. Dozi ya kawaida ni wiki 4 hadi 8 kwa maelekezo ya mtabibu. Ukiitumia miezi mingi kisha ukaikata ghafla, tindikali hurudi kwa kishindo na utadhani ugonjwa umekuwa mkubwa.

Za kutafuna na za maji hutuliza ndani ya dakika chache na kuisha baada ya saa moja au mbili. Ziachane na vidonge vya damu na antibayotiki kwa masaa mawili, maana huvizuia kuingia mwilini.

Nasafiri kwenda Dar kwa basi na kila safari nawaka. Kuna ujanja?

Upo. Basi linasimama Nangurukuru, mnapewa dakika chache, unameza chipsi kuku na soda baridi kama unafukuzwa, kisha unalaza kiti na kulala hadi uikaribie Rufiji. Umefanya makosa manne kwa dakika kumi na tano. Beba chakula chako, kula kidogo mara mbili tatu, tafuna polepole, soda iache, kiti kisilazwe mpaka chakula kishuke.

Ni lini niache ushauri wa dukani niende hospitali?

Leo hii, bila kusubiri, kama maumivu ya kifua yanabana kama umekaliwa, yanakwenda mkononi, shingoni au tayani, na unatoka jasho au pumzi zinakata. Hilo linaweza kuwa moyo kweli.

Leo hii pia ukitapika damu au vitu kama machicha ya kahawa, au ukipata choo cheusi kama lami.

Wiki hii kama chakula kinakwama ukimeza, unakonda bila kujua sababu, una upungufu wa damu, au kiungulia kimeanza ukiwa mtu mzima wa miaka 50 na kuendelea. Kukwama kwa chakula msikichukulie kwa utani: saratani ya umio huonekana sana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Chai ya kuunguza ulimi imo katika vinavyohisiwa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliorodhesha vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Iache ipoe kidogo.

Na kama umebadilisha mazoea na kutumia dawa kwa wiki mbili tatu bila nafuu, anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uandikiwe rufaa. Kwa Mtwara ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, kwa Lindi ni Sokoine.

Mtoto wangu mchanga anacheua kila akinyonya. Naye ana kiungulia?

Mlango wake haujakomaa. Mpandishe begani baada ya kunyonya, mkae wima kama dakika ishirini. Wengi huacha wakikaribia mwaka au zaidi kidogo. Akiwa haongezeki uzito, akikataa ziwa, au akitapika kijani au damu, mpeleke hospitali. Na yeye alazwe chali kwenye sehemu bapa, mambo ya matofali hayamhusu.

Hayo matofali, niweke miguu yote minne?

Hapana! Miwili tu, ya kichwani. Kuna mteja aliweka yote minne. Alirudi baada ya wiki, kiungulia kiko palepale, ila amepata nafasi ya kuhifadhi magunia mawili ya mbaazi uvunguni.